Mwendo Ule Ule, Ngazi kwa Ngazi

Paris–Brest–Paris ilipoanzishwa nchini Ufaransa mwaka 1891, yalikuwa mashindano ya baiskeli. Leo ni safari ya kujipima inayofanyika kila baada ya miaka minne: kilomita 1,200 hivi, upeo wake saa 90, bila mshindi rasmi. Atakaye kushiriki hutakiwa kwanza amalize, mwaka huo huo, safari nne za kilomita 200, 300, 400 na 600. Muda wa juu unaoruhusiwa ni saa 13 na nusu, 20, 27 na 40. Piga hesabu: kila ngazi inadai wastani ule ule wa karibu kilomita 15 kwa saa, humo humo mkiwa na kula, kupumzika na kuziba pancha. Huo ni mwendo wa mtu aendaye sokoni. Basi anayejiandaa kwa safari ndefu akihangaikia kasi amekosea tangu mwanzo.

Kinachojengwa ni ustahimilivu, na mwili haujengeki wote kwa pamoja. Pumzi na misuli hukubali mapema, kano huchelewa. Ndiyo maana anayeruka kutoka kilomita 40 hadi 150 huangushwa na goti ilhali pumzi anayo. Akiba ya wanga nayo huisha baada ya saa mbili hivi za kukanyaga kwa nguvu. Kuanzia hapo miguu huutegemea mkoba: gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa, yaani ndizi mbivu moja kubwa au mbili, na tumbo lazima lizoeshwe kuzipokea safarini. Ngazi ya 200 hufunza kula, ya 300 huonjesha giza, ya 400 hukesha, na ya 600 humtaka mtu apande tena siti ambayo jana ilimchubua.

Wapo watakaouliza: mbona wachukuzi wa mkaa huingia mjini alfajiri kwa baiskeli na magunia yao bila ratiba yoyote? Ratiba wanayo, ni ya maisha. Wamekanyaga karibu kila siku kwa miaka, hawakimbizani, na mlima ukizidi hushuka wakasukuma. Aliyekaa ofisini siku tano hawezi kuununua mwili huo kwa Jumapili moja. Atasema hana muda. Lakini akienda kazini kwa baiskeli mara tatu kwa wiki, wikiendi inabaki na safari moja ndefu tu. Aanze na kilomita 40, aongeze 10 kila wiki, na kila wiki ya nne apunguze. Kwa hesabu hiyo, Dar es Salaam hadi Bagamoyo na kurudi, kilomita 140 hivi, huhitaji miezi mitatu na ushee. Na anayehofia malori ana haki, kwa kuwa barabara zetu nyingi hazina njia ya baiskeli. Hofu hiyo imzuie kuharakisha ngazi, maana aliyechoka hupepesuka, na lori halimsubiri anyooke.