Taa Imulike Njia, Isimulike Mbingu

Hakuna masika yasiyo na mbu, walinena wahenga. Methali hii nilikuwa nikiipachika tu katika insha ili nipate maksi. Desemba iliyopita niliporudi nyumbani kwetu Birongo kwa likizo, ndipo nilipoielewa barabara. Masika yetu ni stima. Mbu wake ni nani? Nifuate polepole, mpenzi msomaji, nikueleze.

Wazazi wetu husimulia kwamba zamani, giza likiingia, kila muuzaji sokoni alijitwika kikapu chake akakimbilia nyumbani. Siku hizi mama yangu huuza ndizi na maparachichi mpaka saa tatu za usiku chini ya taa. Kwa hivyo asije mtu akadai kwamba ninazipinga taa. La, hasha! Taa hizo ndizo zinazonilipia karo. Ninachokipinga ni mwanga uliopotea njia.

Mwanga uliopotea njia ndio ambao wataalamu huuita uchafuzi wa mwanga. Huo ni mwanga wa taa unaokwenda mahali usipotakiwa, au unaowaka wakati hautakiwi, au unaozidi kiasi. Una sura tatu. Kuna ule unaotupiga machoni mpaka tusione mbele. Kuna ule unaovuka ua na kuingia chumbani mwa jirani bila ya kubisha hodi. Tena kuna ule unaopanda juu, ukagonga vumbi, moshi na mvuke uliomo hewani, kisha ukatawanyika na kuifanya anga iwe nyeupe. Ukitaka kuuona huo wa tatu, tazama upande wa mji wa Kisii usiku wenye mawingu. Utadhani kuna kichaka kinachoungua nyuma ya kilima.

Sura mbili za mwanzo nilizionea nyumbani. Jirani yetu mmoja, mzee ninayemheshimu sana, alikuwa ameweka taa kubwa ya sekiuriti ukutani, nyeupe pe, imeelekezwa mbele kama tochi. Mwanga wake uliingia moja kwa moja katika chumba cha nyanya, ambaye sisi humwita magokoro. Maskini magokoro alikuwa ametundika gunia dirishani ili apate lepe la usingizi! Jioni moja mimi na mama tulikuwa tukirudi kutoka sokoni. Kijana wa boda boda alitokea akiwa ameikabili taa ile. Hakutuona hata kidogo. Tuliruka mtaroni, maparachichi yakabingirika hadi chini kwenye shamba la chai. Hatukuumia, lakini mama alitetemeka usiku kucha.

Siku chache baadaye stima ilipotea kijiji kizima. Mwezi haukuwapo. Magokoro aliniita nje akaniambia, "Njoo uone vitu ambavyo mmevificha." Nilipoinua macho nilipigwa na butwaa. Nyota zilikuwa zimejaa kama mtama uliomwagika juu ya mkeka. Alinionyesha kishungi kidogo cha nyota zilizokaribiana, nikazihesabu sita. Kumbe ndicho Kilimia tunachokisoma katika vitabu! Jina lake latokana na kulima, kwani wakulima wa zamani walikitazama ili kujua majira. Nina miaka kumi na saba, na sikuwahi kukiona kutoka uani kwetu. Zile nyota hazikuwa zimekwenda popote, ni sisi tuliozifunika.

Hatuko peke yetu. Mwaka wa 2016 wanasayansi walichapisha ramani ya mwanga wa usiku duniani. Ilionyesha kwamba watu zaidi ya asilimia 80 huishi chini ya anga iliyochafuliwa na mwanga, na thuluthi moja ya wanadamu hawawezi kuuona ule mkanda mweupe wa nyota unaoitwa Njia ya Maziwa.

Pengine utaniuliza, "Nyota zitanipa ugali?" Swali zuri. Basi tuziache nyota, tutazame mwili. Giza linapoingia, ubongo hutoa kemikali iitwayo melatonini, ambayo huuambia mwili kwamba wakati wa kulala umefika. Mwanga mkali, hasa ule mweupe wenye ubuluu, huipunguza. Wanyama nao huumia. Kimulimuli humwita mwenzake kwa kumetameta, na penye taa kali wito wake hauonekani. Wadudu wa usiku huizunguka taa mpaka wachoke na kufa, ilhali baadhi yao ndio wanaochavusha maua. Huko pwani yetu, kama vile Watamu, vitoto vya kasa vinapoanguliwa usiku huelekea palipo na weupe, ambapo kwa kawaida ni baharini. Pakiwa na taa kali nyuma ya ufuo, huelekea nchi kavu na kufia huko.

Sasa turudi kwa mzee. Nilimwendea kwa adabu nikamweleza. Alinikata kauli, "Kijana, wataka wezi wanimalize?" Nilimwomba anipe dakika tano tu. Usiku ule binamu yangu alijibanza kando ya nguzo ya lango, karibu na ile taa. Nikamsimamisha mzee barabarani nikamwuliza, "Mzee, unamwona nani langoni pako?"

"Simwoni mtu. Naona taa tu."

Binamu akakohoa. Mzee nusura atupe fimbo! Alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akanyamaza akitafakari. Taa aliyoinunua kumfichua mwizi ilikuwa ikimficha. Jicho likipigwa na mwanga mkali, mboni husinyaa, na palipo na kivuli huwa giza totoro.

Kesho yake fundi wa stima alizima swichi kubwa, akaiinamisha taa ikatazama chini, akaifunga kofia ya bati juu na kando. Taa ya wati 50 ikatolewa, ikawekwa ya wati 20 yenye rangi ya manjano. Lango likaonekana lote, na magokoro akalitoa gunia lake dirishani. Hebu tupige hesabu. Wati 50 kwa saa 12, siku 30, ni yuniti 18. Wati 20 kwa muda huohuo ni yuniti 7.2. Mzee anaokoa yuniti 10.8 kila mwezi, na sasa anawahubiria majirani wengine kuliko mimi!

Kwa ufupi, kabla ya kuweka taa nje, jiulize maswali matano. Kwanza, je, taa inahitajika mahali hapo? Pili, inatazama chini, na ina kofia? Tatu, ukali wake unatosha bila ya kuzidi? Nne, itazimwa lini? Zipo taa zinazowaka mtu anapopita tu. Tano, rangi yake ni ipi? Chagua ya manjano, isiyozidi kelvini 3000 kama inavyoandikwa katika pakiti, kwa sababu mwanga wa buluu ndio unaotawanyika zaidi hewani.

Na zile mulika mwizi ndefu za sokoni je? Katiba ya mwaka wa 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya taa za barabarani. Tunaweza basi kuwaomba viongozi wetu kwamba taa zinazowekwa ziwe na kofia. Hatuombi soko lirudi gizani, kwani mama zetu wamo humo. Tunaomba mwanga uwashukie wao na bidhaa zao, usipae mbinguni kumuuzia nani ndizi?

Shime, wenzangu! Tuanze na hapa shuleni. Usiku wa leo baada ya prepu, simama nyuma ya bweni lako uitazame taa iliyo karibu. Ikiwa inakupofusha, mwambie mwalimu wa zamu. Kisha inua macho uhesabu nyota. Ukikiona Kilimia, nisalimie magokoro.