Chuma Kisichoshika Kutu Nacho Hutaka Kutunzwa

Mama wa nyumbani katika mtaa wa Musaga, kusini mwa Bujumbura, anunuapo sufuria ya inoksi huambiwa kwamba haitashika kutu kamwe. Miezi michache ikipita, huona vidoa vya kahawia kwenye kitako, naye hudhani fedha ya mumewe imetupwa bure. Huenda hakudanganywa, hakuelezwa tu tabia ya chombo chake.

Inoksi ni chuma cha pua kilichochanganywa na madini ya kromu yasiyopungua asilimia 10.5. Kromu ikutanapo na hewa hufanya utando mwembamba mno, usioonekana kwa macho. Utando huo ndio ngozi ya chuma. Ukikwaruzwa hujifunga wenyewe, maadamu hewa inaufikia.

Maarifa haya yalichipuka katika kazi ya silaha. Mwaka 1913, mjini Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyoliwa upesi na joto la baruti. Mchanganyiko wake mmoja, wenye kromu karibu asilimia 13, ulistahimili hata siki na maji ya ndimu. Hivyo, utafiti wa bunduki ukazaa visu vya mezani.

Siku hizi vyombo vingi vya jikoni huwa na kromu asilimia 18 na nikeli asilimia 8. Chuma hicho hakiharibu ladha, nacho huoshwa na kuchemshwa bila kudhurika. Kwa hiyo hutumika kwa matangi ya maziwa na ya bia, mitambo ya kutengeneza dawa na vifaa vya upasuaji. Penye chumvi nyingi, kama pwani ya Mombasa na Unguja, huongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Bujumbura, iliyo kando ya maji baridi ya Ziwa Tanganyika, haina upepo wa chumvi kama huo.

Nikeli yenyewe si mgeni katika eneo hili. Hazina yake kubwa iligunduliwa Musongati, Burundi, katika miaka ya 1970, na nyingine ipo Kabanga, wilayani Ngara, Tanzania.

Maadui wa ngozi hiyo nyumbani ni watatu. Wa kwanza ni chumvi inayotulia kwenye kitako. Yafaa itiwe maji yakisha kuchemka, kisha ikorogwe. Wa pili ni maji ya javeli yanayoachwa ndani ya chombo usiku kucha. Wa tatu ni nyuzi za chuma za kusugulia. Vipande vyake hubaki na kushika kutu, lawama ikaangukia sufuria.

Vidoa vichache husuguliwa kwa kitambaa chenye siki au ndimu, kisha chombo huoshwa na kukaushwa. Aidha, inoksi haisambazi joto upesi kama alumini. Hivyo moto uwe wa wastani na kitako kiwe kinene, maharage yasiungue.

Tena, sumaku isiwe hakimu sokoni. Ipo inoksi halisi isiyo na nikeli, ambayo huvutwa na sumaku.

Askari hufuta bunduki yake kila siku bila kuambiwa. Kijiko chake na sufuria ya nyumbani kwake havidai zaidi ya maji safi na kitambaa kikavu.