Maua ya bustani: ununue mbegu au ununue miche?

Msikilizaji, kila tunapokaribia msimu wa harusi, kipaimara na watu kurudi nyumbani kwa sikukuu, swali hili hurudi: nikitaka maua mbele ya nyumba, au nikitaka kuuza maua ya mapambo, ninunue pakiti ya mbegu au niende kwenye kitalu nikanunue miche iliyokwisha kuota?

Jibu fupi ni kwamba inategemea mambo matatu: ua lenyewe, idadi unayohitaji, na siku zilizobaki kabla ya kuyahitaji. Jibu refu ndilo hili hapa. Lisome taratibu, kwa sababu mtu anayelikosea anaweza kupoteza fedha, na wakati mwingine akaharibu hata shamba lake la nyanya au viazi.

Unanunua nini hasa?

Ukinunua mche, unanunua muda. Mtu mwingine amekwisha kusia, amemwagilia, amepoteza ile iliyokufa, na wewe unachukua uliobaki hai. Ndiyo maana bei ya mche mmoja inaweza kulingana na bei ya mbegu nyingi.

Ukinunua mbegu, bei ni ndogo lakini kazi yote inakuwa yako, na hasara yote pia. Mbegu isipoota hakuna wa kumdai. Miche ikifa kitaluni, umepoteza pia wiki ulizosubiri.

Tupige hesabu

Tuchukulie unataka mashina 60 ya zinia. Bei hizi ni za mfano tu, weka za kwenu. Mche mmoja ukiwa shilingi 1,000, utalipa 60,000, na nauli ya kuifikisha nyumbani.

Kwa upande wa mbegu, tuseme pakiti yenye mbegu 50 ni shilingi 4,000. Unanunua mbili kwa 8,000, unapata mbegu 100. Zikiota 70 na kumi zikafa kitaluni, umebaki na 60 zako. Ongeza 7,000 za viriba na samadi, jumla ni 15,000. Umeokoa shilingi 45,000, lakini umelipa kwa kumwagilia karibu kila siku kwa wiki kadhaa.

Sasa geuza hesabu. Unataka mashina matano tu ya kuweka kibarazani? Miche mitano ni 5,000. Kwa mbegu ungelipa 4,000 za pakiti, ukaongeza samadi na usumbufu. Hapo nunua miche. Mbegu zinalipa pale unapotaka mimea mingi.

Yapi ya mbegu, yapi ya mche?

Maua yanayofaa kuanza kwa mbegu ni zinia, kosmosi, marigoldi na alizeti za mapambo. Mbegu zake ni kubwa kiasi cha kushikika kwa vidole, huota ndani ya wiki moja au zaidi kidogo, na hazihitaji ujuzi mwingi. Alizeti na kosmosi ni bora kuzipanda moja kwa moja mahali zitakapokaa, maana hazipendi kuhamishwa. Zinia nayo unaweza kuipanda hivyo hivyo, ukaacha sentimita 25 hadi 30 kati ya shina na shina.

Maua ambayo ni afadhali kununua mche ni kama petunia. Mbegu zake ni ndogo mithili ya vumbi, zinahitaji mwanga ili ziote kwa hiyo hazifukiwi, na tone moja kubwa la maji linaweza kuzisomba zote. Waridi lililobebeshwa nalo linunue kitaluni. Mbegu ya waridi haitoi ua linalofanana na mama yake, na kubebesha ni kazi ya fundi.

Halafu kuna njia ya tatu ambayo haina gharama, nayo ni vipandikizi. Bogonvilia, haibiskasi na jeraniamu huoteshwa kwa vipande vya matawi. Kwa bogonvilia na haibiskasi, omba kwa jirani tawi lililokomaa, kata kipande cha sentimita 15 hadi 20, ondoa majani ya chini, zika angalau macho mawili kwenye udongo wenye mchanga, kisha weka kivulini. Bogonvilia inaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuota mizizi, kwa hiyo usiing'oe kuchungulia. Dalia na kanna, ambazo hustawi sana kwenye nyanda zetu za baridi, unazigawa tu mashina na viazi vyake.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela kununua mche wa bogonvilia, tazama kwanza uzio wa jirani.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma

Hapa ndipo wengi wanaponaswa. Tuseme harusi ni tarehe 20 Desemba na unataka zinia ziwe zimechanua. Zinia huchukua siku 60 hadi 75 hivi tangu kusia hadi kuchanua. Ukihesabu siku 75 nyuma, unafika tarehe 6 Oktoba. Kama unaishi juu kwenye baridi, kama Rombo ya juu au milima ya Lushoto, mimea hukua polepole zaidi. Ongeza wiki mbili, na siku ya kusia inakuwa tarehe 22 Septemba.

Angalia sasa kalenda ya mvua. Kwa sisi wa mikoa ya kaskazini, vuli mara nyingi huanza Oktoba au hata Novemba. Maana yake wiki za kwanza za kitalu chako zitakuwa za kiangazi, na maji utayabeba kwa ndoo. Kama kisima kiko mbali, hiyo ni gharama, iingize kwenye hesabu. Wenzetu wa Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, nao wahesabu kwa msimu wao.

Usisie mbegu zote siku moja. Sia nusu, subiri siku kumi, sia nusu iliyobaki. Fungu la kwanza likichanua mapema au likaharibika, la pili litakuokoa.

Na kama leo ni katikati ya Novemba na harusi ni Desemba hiyo hiyo, usidanganywe na picha nzuri ya kwenye pakiti. Mbegu haitakuwahi. Nunua miche yenye vitumba.

Kusia bila kupoteza mbegu

Kwanza jaribu uotaji. Chukua mbegu kumi, zifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali penye joto. Baada ya wiki moja hesabu zilizochipua. Zikiwa saba, ujue katika mbegu 100 utapata kama 70. Zikiwa mbili, pakiti hiyo imezeeka, usipoteze udongo wako.

Pili, usizike mbegu kwa kina. Ifunike kwa udongo wa mara mbili au tatu ya unene wake, basi. Kwa zinia ni chini kidogo ya sentimita moja. Kwa alizeti ni kama sentimita mbili.

Tatu, jihadhari na kinyausi. Huu ni ugonjwa unaoshika mche mchanga pale unapotokea kwenye udongo. Shina linakuwa jembamba kama uzi, mche unalala, na kitalu kinaweza kwisha kwa siku chache. Husababishwa na vimelea vya ukungu vinavyopenda maji mengi na msongamano. Dawa kubwa ni kuzuia: sia kwa nafasi, tumia samadi iliyooza vizuri, mwagilia asubuhi badala ya usiku, na chombo kiwe na matundu ya kutoa maji. Kopo, ndoo iliyopasuka au pakiti ya maziwa vyote vinafaa, ili mradi umetoboa chini.

Mche ukifikisha majani manne halisi, uzoeshe jua kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja kabla ya kuuhamisha. Hamisha jioni, siyo saa sita mchana.

Udongo wa kiriba unaweza kubeba ugonjwa

Hili ndilo jambo ambalo halizungumzwi sana, na kwa mkulima ni kubwa kuliko bei. Unaponunua mche kwenye kiriba, unaingiza shambani kwako udongo wa mtu mwingine. Udongo huo unaweza kuwa na minyoo fundo, wale wanaofanya mizizi ya nyanya ivimbe vinundu. Unaweza pia kuwa na bakteria wa mnyauko.

Mfano upo, na unahusu ukanda wetu. Mwaka 2003, Marekani iligundua aina ya bakteria wa mnyauko kwenye miche ya jeraniamu iliyotokana na vipandikizi vilivyoagizwa kutoka Kenya. Bakteria huyo hunyausha pia viazi mviringo na nyanya. Mimea mingi iliteketezwa kwa amri ya serikali, kwa hofu kwamba ugonjwa ungevuka kutoka kwenye maua na kuingia kwenye mashamba ya viazi. Kama nchi yenye maabara na wakaguzi kila mahali ilishtuka hivyo kwa sababu ya ua la dirishani, na sisi tunaolima viazi hatua kumi kutoka kwenye bustani ya maua tuna sababu ya kuwa waangalifu.

Mbegu kavu nazo zinaweza kubeba magonjwa, lakini haziji na udongo, kwa hiyo njia hiyo moja ya hatari inafungwa. Kwa mwenye shamba la nyanya au viazi nyuma ya nyumba, hiyo peke yake ni sababu ya kupendelea mbegu pale inapowezekana.

Na kama unaishi karibu na mpaka, kumbuka kwamba kuvusha miche au vipandikizi kutoka nchi ya jirani kunahitaji cheti cha afya ya mimea. Mche uliofichwa chini ya kiti cha gari unaweza kuwa umeficha ugonjwa pia.

Ukiamua kununua mche, kagua hivi

Muulize mwenye kitalu udongo ameutoa wapi. Anayejua kazi yake atakujibu bila kusita.

Geuza majani uangalie chini yake. Wadudu wadogo weupe wanaoruka ukitikisa, utando mwembamba kama wa buibui, au madoa ya njano ni ishara za kuachana na mche huo.

Tazama tundu la chini la kiriba. Mizizi myeupe kidogo ni sawa. Mizizi iliyojizungusha na kujaa inaonyesha mche umekaa humo muda mrefu kupita kiasi.

Chagua mche mfupi, mnene, wenye vitumba, badala ya ule mrefu uliokwisha kuchanua. Ua lililofunguka linavutia macho, lakini siku zake nyingi limezimaliza pale kitaluni.

Uliza kama mche umezoea jua au ulikuwa kivulini. Wa kivulini ukiupanda juani siku hiyo hiyo, utaungua majani.

Safari nayo inaua miche. Kwenye bodaboda, ipange wima ndani ya boksi na uifunike na upepo. Ukifika nyumbani, itenge mbali na bustani kwa wiki mbili. Ugonjwa ukijitokeza, utakuwa umeukamata kabla haujaingia ardhini.

Mbegu za mwakani

Faida nyingine ya kuanza na mbegu ni kwamba huhitaji kurudi dukani kila mwaka. Acha maua machache mazuri yakauke kwenye shina, yakate siku ya jua, toa mbegu, zianike kivulini hadi zikauke kabisa, kisha zifunge kwenye karatasi na kuziweka mahali pakavu pasipo na joto. Andika jina na mwezi.

Lakini angalia pakiti. Ikiwa imeandikwa F1, mbegu utakazovuna humo hazitatoa maua yanayofanana na ya kwanza. Yatatoka mchanganyiko, mengine mazuri na mengine ya ajabu. Hata mbegu za kawaida za zinia na kosmosi huchanganyika rangi kwa sababu ya nyuki. Kwa nyumbani si neno. Kwa anayemwuzia mpambaji anayetaka rangi moja, ni hasara.

Na usizidharau marigoldi zako baada ya sherehe. Aina fulani za marigoldi zikipandwa kwa wingi na kukaa shambani miezi miwili hadi mitatu, husaidia kupunguza minyoo fundo kwenye udongo. Msimu unaofuata panda nyanya mahali hapo.

Kwa kumalizia

Maua mengi ya msimu na muda upo: mbegu. Machache, au siku zimebana: miche iliyokaguliwa. Maua ya miti na ya kudumu ambayo jirani anayo: omba tawi. Wengi tunaishia kutumia njia zote tatu katika bustani moja, na hakuna ubaya.

Kabla ya soko lijalo, fanya kitu kimoja tu. Andika tarehe unayoyahitaji maua, kisha hesabu siku kwa kurudi nyuma. Karatasi hiyo itakuambia uende duka la mbegu au uende kitaluni.

Ukiwa na swali kuhusu ua fulani, tuma ujumbe kwenye namba ya kituo, utaje na eneo unakoishi, kwa kuwa jibu la Lushoto si jibu la Same. Tutalijibu hewani.