Kutoka Kashasha Hadi Mabweni ya Leo: Hofu Inapohamia Mwilini

Tarehe 30 Januari 1962, chini ya miezi miwili tangu Tanganyika ipate Uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika mkoa ambao sasa unaitwa Kagera, walishikwa na kicheko wasichoweza kukizuia. Kufikia katikati ya Machi waliougua walikuwa 95 kati ya wanafunzi 159, na tarehe 18 mwezi huo shule ikafungwa. Wasichana waliporudi makwao, ugonjwa ulifuatana nao: huko Nshamba uliwapata watu 217 kati ya Aprili na Mei. Hakufa mtu. Madaktari A. M. Rankin na P. J. Philip, walioandika taarifa yake mwaka 1963, hawakupata kimelea wala sumu iliyousababisha.

Kisa hiki husimuliwa duniani kama kichekesho, na huwa kinaniuma kukisikia kikisimuliwa hivyo. Taarifa ya madaktari wale haina furaha ndani yake. Ina watoto wanaocheka na kulia kwa zamu, wanaohangaika, wenye hofu kwamba kuna mtu anawakimbiza, na wanaopigana na yeyote anayejaribu kuwashika. Kipindi kimoja kilidumu dakika chache au saa kadhaa, kikapoa, kisha kikarudi. Walimu hakuguswa hata mmoja. Pale shuleni walioanguka ni wale walioishi chini ya kengele, kanuni na matarajio makubwa, tena bila nafasi ya kusema kwamba wamechoka.

Mambo kama haya bado yapo. Kila mwaka shule za wasichana, Tanzania na Kenya, hupata siku ambayo mmoja anapiga kelele bwenini na ndani ya saa moja wameanguka kumi. Tunasema wamepandisha mashetani. Hebu tumtazame huyo wa kwanza kwa karibu. Wiki ya mtihani imefika, hajalala vizuri, pengine hajala. Hofu inapompanda, ubongo unatoa amri ya hatari na adrenalini inamwagika kwenye damu. Moyo unakwenda mbio, anapumua harakaharaka. Kupumua huko kunaishusha kaboni dioksaidi mwilini kupita kiasi. Midomo inakufa ganzi, kichwa kinakuwa chepesi, vidole vinakakamaa na kujikunja. Wenzake wanaviona vidole vile na hawahitaji ushahidi mwingine. Mlango unajaa watu, wengine wanakemea kwa sauti, wengine wanalia. Hapo anaanguka wa pili, ambaye naye alikuwa na mzigo wake.

Wa pili na wa tatu hawaigizi. Nalisisitiza hili kwa sababu nimewaona watoto wakichapwa viboko ili waache kuigiza. Kumbukumbu, hisia, mwendo wa viungo na kujitambua kwa kawaida hufanya kazi pamoja. Dhiki ikizidi, hasa kwa mtu aliyewahi kuumizwa, muungano huo unaweza kukatika kwa muda. Mwanasaikolojia Mfaransa Pierre Janet aliueleza mkatiko huu katika kitabu chake cha mwaka 1889, na wataalamu wa leo bado wanajenga juu ya kazi yake. Mmoja anajiona kama yuko nje ya mwili wake, mwingine hakumbuki alichofanya mchana kutwa, mwingine miguu inakataa kumbeba ilhali mishipa na misuli ni mizima. Mwingine huzungumza kwa sauti na jina lisilo lake.

Ufanye nini mwanafunzi akianguka? Mtoe katika kundi. Mpeleke chumba tulivu na mtu mzima mmoja anayemwamini, azungumze naye kwa sauti ya chini na kumsaidia kutoa pumzi polepole. Asifungwe kamba, asiwekewe vitunguu puani, asizungukwe. Wenzake warudishwe kwenye shughuli zao mapema iwezekanavyo. Halafu apimwe hospitali, kwa kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo na sukari iliyoshuka navyo huvuruga fahamu, na hivyo haviwezi kusubiri maombi. Kifafa nacho huchanganywa sana na hali hii. Degedege la kifafa mara nyingi huisha ndani ya dakika mbili au tatu, macho yakiwa wazi. Anayeanguka kwa dhiki mara nyingi hufumba macho na kipindi chake huwa kirefu. Lakini kuna wenye yote mawili, kwa hiyo uamuzi si wa jirani wala wa mwalimu. Mpiga picha wa simu atoke nje, isipokuwa kama daktari ameomba video.

Sisemi kila pepo ni ugonjwa. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani, toleo la 11, ulioanza kutumika mwaka 2022, unasema wazi kwamba hali inayotokea ndani ya ibada au desturi inayokubalika katika jamii haihesabiwi kuwa ugonjwa. Mtu wa Unguja au Pemba anayepandwa na pepo katika ngoma yake, kisha akarudi nyumbani salama, hana cha kutibiwa. Ugonjwa ni pale hali hiyo inapomjia bila hiari, ikamtesa na kumharibia masomo au kazi.

Wengi zaidi kati ya wenye hofu hawaanguki. Wanabeba wasiwasi kimyakimya kwa miaka, wakija kliniki na bahasha iliyojaa vipimo vya moyo visivyoonyesha kasoro. Kumwambia mgonjwa huyu kwamba hana kitu ni kumfukuza. Moyo wake kweli unadunda, kifua kweli kinabana. Shambulio la hofu hufika kileleni ndani ya dakika chache kisha hushuka, na kulijua hilo tu huwapunguzia wengi nusu ya woga. Tiba ya mazungumzo, inayomrudisha mtu hatua kwa hatua kwenye daladala au soko alilolikimbia, inafanya kazi. Dawa kama fluoksetini zinasaidia baada ya wiki kadhaa. Diazepamu inayonunuliwa duka la dawa hutuliza usiku huohuo, na ndiyo maana huwafunga watu: baada ya wiki chache mwili unaidai.

Hofu, safari hii ya kuachwa, inatufikisha pia kwenye matatizo ya haiba; nina neno la haraka juu yake, kwa sababu jina hili hutumiwa kama tusi. Haliwahusu watu wenye roho mbaya. Ni mtindo wa muda mrefu wa kujiona na kuhusiana na watu unaoumiza pande zote mbili, mara nyingi ukiwa na mizizi katika utoto wa kutelekezwa au kupigwa. Aliye na mhemko usiotulia anaweza kukupenda asubuhi, kukuchukia jioni, na kujikata mkono usiku akiogopa kuachwa. Wengi hupata nafuu kubwa kadiri miaka inavyokwenda, hasa wakipata tiba ya mazungumzo kama ile iliyobuniwa na mwanasaikolojia Marsha Linehan kule Marekani. Akisema anataka kufa, familia nyingi humjibu kwamba anatafuta kuonewa huruma. Muulize waziwazi kama amefikiria kujiua na atatumia njia gani. Swali hilo halimpandikizii wazo kichwani. Ondoa sumu na dawa nyumbani, kaa naye, mwende hospitali pamoja.