Wimbo wa Mpagazi na Uchungu wa Bega

Katika karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ndefu itokayo Ujiji na Tabora. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walifika hapa baada ya safari ya miezi, kila mmoja na mzigo wa ratili 60 au 70 begani, yaani kiasi cha kilo 30. Mbele alitembea kirangozi. Yeye alianzisha wimbo, na safu nzima ikaitikia.

Asiyepata kubeba mzigo angedhani wimbo ule ulikuwa wa kujifurahisha tu. Sivyo, ndugu msomaji. Ulikuwa ni chombo cha kazi, na wataalamu wamechelewa sana kutambua namna kilivyofanya kazi.

Uchungu haukai begani. Mishipa ya fahamu hupeleka habari, na ubongo ndio unaoipima na kuamua iume kiasi gani. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kuwa katika uti wa mgongo mna kitu mfano wa lango, ambalo ubongo waweza kulifungua au kulirudishia. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, kule Aberdeen, walitambua kwamba ubongo wenyewe hutengeneza dawa ifananayo na afyuni. Tena katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, wapiga makasia wa Oxford walistahimili maumivu zaidi baada ya kufanya mazoezi pamoja, kwa mwendo mmoja, kuliko kila mtu alipofanya peke yake. Mpagazi angecheka kuambiwa kuwa hiyo ni habari mpya!

Maadamu ubongo ndio mwamuzi, basi hufundishika. Mwenye maumivu ya mgongo ya siku nyingi hufundishwa kupumua kwa utaratibu na kuinama kidogo kidogo, mpaka ubongo wake uache kuogopa kuinama. Mkimbiaji naye hujizoeza kuigawa safari, asiwaze maili zote bali kilima kilicho mbele yake.

Lakini asitokee mtu akamwambia mgonjwa kwamba maumivu yake ni ya kujitungia. Maumivu yapimwayo na ubongo ni maumivu ya kweli, na mara nyingi ni mlinzi anayebisha hodi. John Stephen Akhwari, aliyeanguka katika marathoni ya Mexico mwaka 1968 akamaliza na goti limefungwa bendeji, tunamsifu kwa haki; hata hivyo goti lile lilikuwa limeumia, na ushujaa haukuliponya.

Wala tajiri asipate kisingizio hapa. Wimbo haukupunguza mzigo hata ratili moja, na katika njia hiyo hiyo walipitishwa watumwa katika minyororo, ambao hakuna aliyewauliza kama wamechoka. Kirangozi alilijua hilo la mzigo. Yeye aliyeanzisha wimbo ndiye pia aliyejua maji yako wapi, na msafara utue mahali gani.