Kichwa Chaniuma: Ni Kichwa Gani?

Hakuna ugonjwa utajwao mara nyingi nyumbani na shuleni kama kichwa. Mtoto asema, "Mwalimu, kichwa chaniuma," naye mwalimu ampa ruhusa akalale. Mama asema vivyo hivyo, na kijana atumwa dukani kununua vidonge. Ni wachache waulizao: Ni kichwa gani? Walakini swali hilo ni la zamani sana. Tabibu Myunani, Aretaeus wa nchi ya Kapadokia, aliyeishi zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, aliyagawa maumivu ya kichwa mafungu matatu: yapitayo upesi, yakaayo siku nyingi, na yashikayo nusu ya kichwa.

Hayo ya nusu ya kichwa ndiyo tuyaitayo kipanda uso. Hugonga kama pigo la moyo, mara nyingi upande mmoja. Mgonjwa huchafukwa na moyo au kutapika, huchukia mwanga na kelele, na hata kuinama kufagia humzidishia. Kwa mtu mzima asiyetumia dawa hudumu tangu saa 4 hata siku 3. Wengine huona kwanza nuru za kumetameta au mistari iliyopindapinda, kwa muda wa dakika 5 hata 60, ndipo kichwa kianze. Huwapata wanawake kuliko wanaume, nao hufuata jamaa: mama na binti, shangazi na mpwa. Na hapa yafaa tuseme wazi, maana wake wengi wameonewa kwa jambo hili. Jana alijilaza gizani mchana kutwa. Leo achota maji akiimba, na watu wa nyumbani wanong'ona kuwa ni mvivu. Si mvivu. Ndivyo ugonjwa wenyewe ulivyo: huja, huondoka, na katikati mtu huwa mzima kabisa. Wala si jicho la jirani. Dawa humfaa akiimeza maumivu yakianza tu, si jioni akiisha kutapika mara tatu.

Kichwa kilicho cha kawaida kuliko vyote hubana pande zote mbili kama kilemba kilichokazwa mno, wala hakimzuii mtu kazi yake. Huja kwa uchovu, mashaka na kukosa usingizi. Mwalimu aletewapo kichwa kila siku saa sita, na aulize kama mtoto amekula asubuhi na kunywa maji. Tena amtazame kama hukunja macho asomapo ubao, maana huenda ahitaji miwani.

Penye kichwa na homa, watu wa nchi za joto hufikiri malaria kwanza, nao wana haki. Lakini damu na ipimwe, kwa kuwa homa nyingi huanza hivyo hivyo. Shingo ikikakamaa, au mgonjwa akiweweseka, yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo. Huyo hangoji asubuhi. Vivyo hivyo yule aliyeshikwa ghafula na kichwa kikali kuliko vyote alivyopata kuugua, kikafika kilele chake katika dakika moja. Na yule ambaye kichwa chake chafuatana na kupooza upande mmoja au kupindika kinywa.

Akina baba, angalieni sana jambo hili. Mama ambaye mimba yake imepita majuma 20, akiwa na kichwa kikali kisichopoa, akaona vimulimuli au giza machoni, au uso ukavimba, damu yake yaweza kuwa imepanda shinikizo, na kifafa cha mimba kikafuata. Hicho huua mama na mtoto. Apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama siku yake ya kliniki ni juma lijalo. Dawa ipo: sindano za magnesiamu salfeti, ambazo uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Lakini hazimfai aliyebaki nyumbani na kidonge cha dukani.

Na vidonge hivyo navyo vina neno. Mtu mwenye maradhi ya kichwa akimeza parasetamoli siku 15 au zaidi katika mwezi, au vidonge vyenye dawa mbili tatu pamoja siku 10 au zaidi, kwa miezi zaidi ya 3, dawa yenyewe yaweza kugeuka kuwa chanzo cha maumivu. Ameza kwa sababu chauma, nacho chauma kwa sababu ameza. Yampasa kuacha kwa shauri la tabibu, akijua kuwa siku za kwanza kichwa huenda kikazidi kabla ya kupoa. Mtu mzima asipite vidonge 8 vya parasetamoli vya miligramu 500 katika saa 24, na mtoto wa chini ya miaka 16 asipewe aspirini pasipo amri ya tabibu.

Kimebaki kichwa kimoja, nacho si cha mtu mmoja. Penye baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga madirisha, hulala. Mkaa uwakao hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala moshi. Wote wakiamka na kichwa kizito, kizunguzungu na kichefuchefu, kisha wakatoka uani na kuona nafuu, si malaria ya nyumba nzima. Watu watoke kwanza wote, milango ifunguliwe, jiko litolewe nje, na asiyeamka abebwe mara moja hospitali.