Shotgani Kuukuu na Mvua ya Gusii

Bunduki iliingia Gusii kwa shari, na anayetaka kuitazama kama kazi ya fundi hana budi kuanzia hapo. Mwaka 1905 askari wa King's African Rifles walipanda vilima hivi wakiwa na bombomu aina ya Maxim. Januari 1908 mpiganaji wa Kigusii, Otenyo, akitiwa moyo na nabii Moraa, alimchoma mkuki ofisa wa kikoloni Geoffrey Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Northcote alipona. Adhabu iliyofuata ilikuwa kali kiasi kwamba Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni mjini London, aliandika kulalamikia kuuawa kwa watu wasioweza kujitetea. Mzee wa Kisii au Nyamira akikunja uso anapoona mtutu, ana historia nyuma yake.

Shotgani ni ya ukoo mwingine. Haitupi risasi moja ya mbali, bali hutawanya marisau kwa umbali mfupi, na katika nyanda za juu za Kenya ilikuwa silaha ya kawaida ya mlowezi mwenye shamba. Nyamira ina sehemu yake katika habari hiyo: Borabu, mpakani na Sotik, ilikuwa ardhi ya walowezi hadi wenyeji walipogawiwa mashamba wakati wa uhuru. Tangu serikali ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, shotgani nyingi za raia zimebaki kuwa chombo cha ulinzi, au kitu kinacholala kabatini.

Ile ya kukoki kwa mkono, yenye mshiko wa mbao unaovutwa nyuma na kusukumwa mbele chini ya mtutu, ni kazi ya akili kubwa. John Browning wa Marekani alibuni ya namna hiyo kwa ajili ya kampuni ya Winchester. Toleo lake la 1893 lilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya moshi, na baruti mpya zilipoenea likaonekana dhaifu. Likafuata toleo la 1897, lenye nyundo inayoonekana nje, lililotengenezwa hadi 1957 kwa idadi iliyopita milioni moja. Mwaka 1912 ikaja Model 12 yenye nyundo iliyofichwa ndani, na mwaka 1950 kampuni ya Remington ikatoa Model 870. Kwa maoni yangu Model 12 ndiyo nzuri kuliko zote: sehemu zake zilichongwa kutoka chuma kizima, na ukiikoki unasikia mwendo laini usio na mchezo wa huku na huku.

Upimaji wa shotgani kuukuu ya namna hii huanza na usalama. Mwenye leseni aifungue mbele yako, na nyote mtazame chemba, kisha mrija wa risasi ulio chini ya mtutu. Mrija ndio unaosahaulika, kwa sababu chemba ikiwa tupu mtu hudhani bunduki yote ni tupu.

Baada ya hapo, tafuta namba. Winchester za kufunguka vipande viwili zina namba chini ya mwili wa bunduki, na namba hiyohiyo kwenye pete ya upande wa mtutu, pale vipande vinapokutana. Zikilingana, mtutu na mwili vimekaa pamoja tangu kiwandani. Zikitofautiana, umeshika bunduki mbili zilizounganishwa, na thamani yake kwa mkusanyaji hushuka papo hapo hata kama inang'aa.

Mng'ao wenyewe uutilie shaka. Herufi za kiwanda zilizochapwa kwenye chuma huwa na kingo kali. Bunduki iliyopitishwa kwenye gurudumu la kusugulia na kupakwa rangi upya huwa na herufi zilizolainika, na matundu ya skrubu hubonyea pembezoni. Pitisha kidole pale kitako kinapokutana na chuma. Mbao ya kiwandani kwa kawaida huinuka kidogo juu ya chuma, ilhali iliyopigwa msasa huzama chini yake. Kisha tazama vichwa vya skrubu: vikiwa vimechunika, kuna mtu aliyeifungua kwa bisibisi isiyofaa, na huwezi kujua aligusa nini huko ndani. Mimi ningechagua shotgani iliyokwaruzika na kufifia lakini haijaguswa, niiache ile iliyorembwa.

Chemba ndiyo inayoweza kuumiza mtu. Shotgani za zamani za Winchester za geji 16, yaani kipimo cha upana wa mtutu, zilichongwa chemba ya milimita 65, na risasi za leo ni za milimita 70. Risasi ya kisasa huingia bila taabu, kwa kuwa mdomo wake umekunjwa; ikilipuka, mdomo unafunguka mahali palipobana na shinikizo linapanda. Geji 12 nayo, jina linalotokana na gololi 12 za madini ya risasi zenye upana wa mtutu kufikisha uzito wa ratili moja, haipaswi kuaminiwa kwa macho. Ipimwe na fundi wa silaha mwenye kibali.

Halafu kuna mvua. Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka na haina kiangazi kirefu cha kukausha nyumba. Kutu ya nje hufutika. Inayoharibu iko chini ya mshiko wa mbao, ndani ya mrija kwenye springi, na mtutuni karibu na chemba. Mwanga ukipita mtutuni, madoa ya rangi si hoja sana, lakini vishimo vilivyokula chuma havirudishiki. Mfuko wa ngozi, ambao wengi hudhani ni heshima kwa bunduki, hushika unyevu na kuiozesha polepole.

Hata hivyo, nchini Kenya karatasi ndiyo hupimwa kabla ya chuma. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila mwenye bunduki awe na cheti, na cheti ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na shamba. Desemba 2018 Fred Matiang'i, mzaliwa wa Nyamira aliyekuwa waziri wa usalama wa ndani, aliagiza raia wote wenye leseni wahakikiwe upya. Miaka miwili kabla ya hapo, Novemba 2016, silaha haramu zaidi ya 5,000 zilichomwa moto Ngong. Shotgani isiyo na cheti haina bei halali, hata ingekuwa Model 12 yenye namba zinazolingana.

Kwa hiyo ukikuta shotgani ya marehemu baba darini huko Keroka au Ogembo, usiikoki ili kusikia mlio wake, usiisugue, wala usiifunge kwenye gunia ukapanda nayo matatu. Funga mlango wa chumba, tafuta cheti katika karatasi zake, kisha uwapigie simu polisi waje kuichukua. Ukitaka kuimiliki, omba cheti kwa jina lako mwenyewe. Ukishakipata ndipo umwite fundi.